Kasha Bado Lina Nafasi? Vidokezo 9 vya Kuchagua Bunduki Kongwe Inayofuata

Una Mosin-Nagant moja, una Lee-Enfield moja, na kasha lako la chuma bado lina nafasi. Hongera, umeshakuwa mkusanyaji! Sasa limebaki swali linalowakosesha usingizi wapenzi wote wa bunduki za vita vya zamani: inayofuata iwe ipi? Haya tunamwandikia msomaji wetu aliyeko Marekani, ambako mtu wa kawaida anaruhusiwa kukusanya silaha hizi na soko lake ni kubwa. Wewe uliyeko Tanzania au Kenya, masharti ya leseni huko ni mengine kabisa, lakini historia iliyomo humu ni yako pia. Tunajua una shughuli nyingi, basi twende.

1. Andika sentensi moja kwanza

Kabla hujafungua pochi, chukua kalamu umalizie sentensi hii: "Bunduki zangu zinasimulia habari za..." Za nini? Vita fulani? Nchi moja? Kiwanda kimoja? Mwenye bunduki tano zinazosimulia habari moja ana mkusanyiko. Mwenye ishirini alizonunua kwa sababu tu bei ilikuwa nzuri ana stoo. Chagua habari ndogo inayoweza kukamilika. Finland, kwa mfano, ilichukua vyuma vya Mosin-Nagant za Kirusi ikaviundia bunduki zake yenyewe, kuanzia M24 hadi M39. Ukizitafuta hizo moja moja, miaka yako kadhaa ya furaha imepatikana. Sentensi yako ibandike ndani ya mlango wa kasha. Siku muuzaji akikuambia "chukua leo kaka, kesho huikuti", utajua mara moja kama ni ya kwako au ya mwenzako.

2. Au anzia nyumbani: Tanga, 1914

Hiki ndicho ninachokipenda kuliko vyote, kwa hiyo nivumilie nikirefusha. Vita Kuu ya Kwanza ilipigwa kwetu pia, na bunduki zake bado zinauzwa. Vita vilipoanza Agosti 1914, sehemu kubwa ya askari wa kamanda Mjerumani Lettow-Vorbeck katika Afrika Mashariki ya Kijerumani walikuwa na Mauser ya mwaka 1871, inayotumia baruti nyeusi. Ukifyatua risasi moja, wingu la moshi linakutangaza ulipo! Mapema Novemba mwaka huo, jeshi la Uingereza lililotoka India lilishuka Tanga, likapigwa, likarudi melini na kuacha nyuma bunduki, bunduki za rashasha na shehena ya risasi. Lee-Enfield za Mwingereza zikaingia mikononi mwa askari wa Mjerumani.

Aprili 1915 meli ya Rubens, iliyokuwa imeleta silaha kutoka Ujerumani kwa kujificha, ilishambuliwa na Waingereza katika ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, na mzigo wake mwingi ukaokolewa na Wajerumani. Kisha tarehe 25 Novemba 1917, huko Ngomano karibu na mto Ruvuma, kikosi cha Lettow-Vorbeck kikaiteka ngome ya Wareno na kubeba bunduki zao. Bunduki rasmi ya jeshi lao wakati huo ilikuwa Mauser-Vergueiro ya mwaka 1904, iliyotengenezwa Berlin. Mwaka mmoja kamili baadaye, tarehe 25 Novemba 1918, wakaweka silaha chini Abercorn, mji ambao leo ni Mbala, Zambia.

Umeona? Hapo kuna rafu nzima: Mauser 1871, Gewehr 98 ya Mjerumani, Lee-Enfield No. 1 Mk III na Mauser-Vergueiro. Ni bunduki nne tu, na aliyezibeba vitani ni babu wa mtu unayemfahamu. Mkusanyaji jirani yako anaweza kuwa na kabati kubwa zaidi, lakini wajukuu wako watakuuliza maswali ambayo wake hawatamuuliza. Dokezo la kununua: Mauser-Vergueiro nyingi zilibadilishwa baadaye zitumie risasi za milimita 7.92. Iliyobaki na mtutu wake wa asili wa milimita 6.5 ndiyo ya kusaka, na muuzaji aulizwe hilo kabla ya yote.

3. Jua umri wake, ujue sheria yake

Habari njema: umri unarahisisha mambo. Kwa sheria ya shirikisho ya Marekani, bunduki iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla huhesabiwa kuwa kitu cha kale na haipiti njia ya silaha za kawaida. Ile Mauser 1871 ya Tanga imo humo. Iliyotimiza miaka 50 na kubaki katika hali yake ya asili inaweza kununuliwa kwa leseni ya mkusanyaji inayotolewa na ATF, idara ya shirikisho inayosimamia silaha: dola 30 kwa miaka mitatu, na bunduki inatumwa hadi mlangoni kwako. Unatakiwa kutunza daftari la kila inayoingia na kutoka, na leseni hiyo si ya biashara.

Majimbo na miji mingine ina masharti yake, kwa hiyo piga simu kuuliza kabla ya kulipa. Na hili ni kwa ndugu zetu wa diaspora: mwenye Green Card anaweza kununua, lakini mwenye viza ya muda kwa kawaida haruhusiwi hata kumiliki, isipokuwa akiingia katika vipengele vichache vilivyotajwa na sheria. Usiende kwa kubahatisha. Muulize mwanasheria wako wa uhamiaji.

4. Soma namba kabla ya kusifia mbao

Mbao zinazong'aa huuza bunduki haraka; namba ndizo zinazosema ukweli. Kwenye Lee-Enfield linganisha namba ya mwili wa bunduki na ile iliyo kwenye mkono wa bolti. Kwenye Kar98k ya Kijerumani, vipande vidogo vingi vilipigwa namba pia. Zikilingana zote, bei inapanda sana, na ni haki yake. Zisipolingana, usikimbie, omba bei ipungue.

Kuna Kar98k zilizotekwa na Wasovieti, zikafunguliwa, zikachanganywa vipande, zikapakwa rangi upya na kuwekwa ghalani kwa miongo. Utazitambua kwa alama ya X na namba zilizochorwa juu juu kwa kalamu ya umeme. Ni bunduki nzuri za kuanzia, mradi bei iwe ya aina hiyo. Za Kijapani, Arisaka, zitazame juu ya mwili: ua la kifalme la petali 16 mara nyingi lilikwanguliwa baada ya Japani kusalimu amri. Ukikuta ua zima, mapigo ya moyo yakienda mbio usijilaumu.

M1 Garand, kinyume chake, usiitafutie namba zinazolingana. Zilipita karakana za jeshi tena na tena na vipande vikachanganywa. Hiyo ndiyo historia yake halisi.

5. Njoo na tochi

Tochi ndogo ya mfukoni itakuokolea dola mia kadhaa. Omba ruhusa, hakikisha kwa macho na kwa kidole kwamba bunduki haina risasi, toa bolti, kisha mulika mtutu kutoka nyuma ukichungulia mbele. Mifereji ya ndani iwe na kingo kali zinazoonekana wazi hadi mwisho. Weusi kidogo husafishika, mashimo ya kutu hayasafishiki. Tazama pia mdomo wa mtutu, kwa sababu miaka ya kusafishwa kwa fimbo ya chuma huulegeza, na usahihi wa shabaha hupotelea hapo hapo.

Waswidi wamekurahisishia kazi! Mauser zao za M96 nyingi zina kisahani cha shaba kwenye kitako, kilichowekwa na mafundi wa jeshi kueleza hali ya mtutu. Soma kisahani, kisha hakikisha kwa tochi, maana vitako hubadilishwa.

Na kuna onyo moja zito. Springfield M1903 za mwanzo zilikuwa na vyuma vilivyochomwa vibaya kiwandani, na baadhi zilipasuka. Zenye namba chini ya 800,000 kutoka Springfield, au chini ya 285,507 kutoka Rock Island, zinunue za kutazama tu. Bunduki nyingine yoyote kongwe ipitishe kwa fundi bunduki akupimie jinsi risasi inavyokaa mbele ya bolti, kabla hujaifyatua hata mara moja.

6. Iliyokatwa imekatwa

Baada ya vita, wawindaji wengi walinunua bunduki za jeshi kwa bei ya kutupa, wakakata mbao za mbele na kuzigeuza za kuwindia. Bei yake leo inavutia. Kama unataka ya kuwindia, sawa, chukua. Kama unataka kuirudishia sura, jumlisha kwanza gharama ya mbao, vyuma vya mbele na kilengeo. Mara nyingi utafika bei ya nzima, na bado hutakuwa na nzima.

Jihadhari pia na No. 5, ile Lee-Enfield fupi ya msituni. Ni adimu kuliko No. 4, kwa hiyo watu hukata No. 4 na kuiita No. 5. Ya kweli ilipunguzwa uzito kiwandani kwa kuchongwa sehemu za mwili na mtutu chini ya mbao. Omba mbao zifunguliwe. Na tafadhali, ukishanunua, usipige msasa kitako. Mikwaruzo ile ni ya vita, ukiifuta umefuta thamani yake.

7. Piga hesabu ya risasi

Utaifyatua au utaitazama? Amua sasa. Risasi za .303, .30-06, 6.5x55 ya Kiswidi na 7.62x54R ya Mosin bado zinatengenezwa na zinapatikana. Za 6.5 ya Kireno ni shughuli ya kujitengenezea mwenyewe nyumbani, na si kila mtu ana muda huo. Garand ipe risasi zilizokusudiwa Garand. Za kisasa zenye nguvu kubwa zinaweza kupinda fimbo inayosukuma bolti.

Umepata risasi za jeshi za zamani kwa bei rahisi? Fataki zake nyingi huacha chumvi ndani ya mtutu, na chumvi inakula chuma usiku kucha. Dawa ni maji ya moto siku ile ile, kausha vizuri, kisha mafuta. Ni dakika kumi tu.

8. Fungua kitako cha Mswisi

Hiki ni kifupi na kitamu. Ukipata K31 ya Uswisi, iliyotengenezwa kati ya 1933 na 1958, fungua skrubu mbili za bamba la nyuma ya kitako. Huenda ukakuta kikaratasi chenye jina la askari aliyekabidhiwa bunduki hiyo. Wengi wamekuta! Kipige picha, kisha kirudishe pale pale. Juu ya hayo, bolti yake inavutwa moja kwa moja nyuma bila kuinuliwa, na usahihi wake unashangaza. Kwa mkusanyaji anayependa pia kulenga shabaha, sijui nyingine inayokupa mengi hivi kwa pamoja.

9. Bado huna uhakika? Nakuchagulia

Una Kar98k tayari? Tafuta M96 ya Kiswidi, uone Mauser ikitengenezwa na watu wasiokuwa na haraka ya vita. Una Mosin ya Kirusi? Chukua M39 ya Kifini uziweke ubavu kwa ubavu. Wewe ni raia wa Marekani na unataka Garand? Anza na CMP, shirika linalouza bunduki za zamani za jeshi kwa raia waliotimiza masharti yake, lenye duka Anniston, Alabama, ambako utaishika mkononi kabla ya kuamua.

Na kama umependa ile rafu ya Tanga, inayofuata kwako ni Lee-Enfield No. 1 Mk III. Tazama upande wa kulia, chini kidogo ya mkono wa bolti: utaona taji, herufi GR, jina la kiwanda na mwaka. Unaoutaka ni 1914 au kabla yake kidogo. Nyingi utakazokutana nazo zitakuwa za 1916 na kuendelea, zikiwa na nyota baada ya III, basi waachie wengine hizo, acha namba yako ya simu kwa wauzaji wawili watatu unaowaamini, na uwaambie mwaka unaoutafuta.