ASALI IMEGANDA, MTEJA ANADAI HELA YAKE. UNAMJIBU NINI?

Wauzaji wenzangu wa asali, baridi ikianza tu na meseji nazo zinaanza: "Umeniuzia sukari, nirudishie hela yangu!" Ukimjibu kwa hasira anapiga picha, anaposti, na wateja wengine wanakukimbia. Mimi pia nauza, kwa hiyo leo tujifunze cha kumwambia.

KWA NINI INAGANDA?
Karibu 80% ya asali ni sukari, na maji hayatakiwi kuzidi 20%. Sukari kuu ni mbili, fruktosi na glukosi. Glukosi haiyeyuki vizuri kwenye maji machache hivyo, kwa hiyo inajitenga taratibu na kuwa chengachenga. Asali yenye glukosi nyingi inaganda mapema, yenye fruktosi nyingi inachelewa. Hiyo inategemea maua waliyoyafuata nyuki. Inaganda haraka zaidi kwenye nyuzi 14 hivi, ndiyo maana mteja wa Njombe atalalamika kabla ya yule wa Dar.

Ila tusidanganye watu: kuganda siyo ushahidi kwamba imechakachuliwa, na siyo ushahidi kwamba ni safi.

VIPIMO VYA KIBERITI NA MAJI
Mimi sivitumii kwenye matangazo. Hata shira nzito ya sukari inazama kwenye glasi ya maji bila kutawanyika. Sukari ya kuongezwa inathibitishwa maabara. Uaminifu wako uko kwa mrinaji unayemjua.

KUGANDA NA KUCHACHA NI VITU VIWILI
Asali ikifunikwa vizuri inakaa miaka. Lakini inavuta unyevu wa hewani. Maji yakizidi, hamira iliyomo ndani inaamka: povu, mfuniko unavimba, harufu kama ya pombe. Hiyo imechacha. Hapo mrudishie mteja hela yake bila ubishi. Usiijaze kwenye chupa yenye maji maji, na usiache ndoo wazi.

MESEJI YA KUMTUMIA MTEJA (kopi hii)
"Habari dada/kaka, pole kwa usumbufu. Asali imeganda tu, haijaharibika. Weka chupa, mfuniko ukiwa umekaza, kwenye bakuli la maji ya moto ambayo mkono unayavumilia, nyuzi 40 hivi. Yakipoa badilisha, mpaka iyeyuke. Usiichemshe, itapoteza harufu na ubora wake. Hata ikiwa imeganda unaweza kuila. Ukiona povu au harufu ya pombe, niambie, nakurudishia hela."

Mimi maelezo haya natuma siku ileile ninayotuma mzigo, sisubiri malalamiko. Mteja akishaambiwa mapema, chenga hazimshtui.

La mwisho, andika kwenye lebo: ASIPEWE MTOTO CHINI YA MWAKA 1. Asali, hata iliyo safi kabisa, inaweza kuwa na mbegu za bakteria wanaosababisha botulismu, na utumbo wa mtoto mchanga hauwezi kupambana nao. Hilo usilifiche ili uuze.

Wewe wateja wako wanalalamikia nini zaidi? Tuandikie hapo chini.