SOMO: SHAIRI LIGUSE MOYO

Huku Kitale na Bungoma, tukimwandikia shairi mwenzetu aliyefariki, mara nyingi tunajaza "huzuni" na "majonzi" tu. Msikilizaji haguswi.

Shaaban Robert (1909–1962) alipofiwa na mkewe, alimtaja kwa jina: Amina. Nanyi fanyeni hivi:

1. Tajeni kitu chake kimoja: jembe lake, au mahindi aliyoyaacha bila kupukuchua.
2. Andikeni kwanza vile mnavyoongea.
3. Halafu pangeni mistari 4 kila ubeti, mizani 8 na 8 kila mstari, na vina vya kati na vya mwisho.
4. Someni kwa sauti kikundini.

Kina kikikataa, badilisheni neno, msibadilishe ukweli.

Swali la kujadili: Kwenye mkutano wenu, kiti cha nani kiko wazi?