Ukienda Rorke's Drift, Anzia Isandlwana

Wageni wengi huijua Rorke's Drift kupitia filamu ya "Zulu" ya mwaka 1964. Hufika wakaingia makumbusho, wakapiga picha wakaondoka, kama mtu aliyekwenda matangani asiulize nani amefariki. Vita vya pale, kati ya Wazulu na Waingereza, vilianza jioni ya tarehe 22 Januari 1879, lakini chanzo chake kilikuwa ng'ambo ya mto, huko Isandlwana, mchana wa siku hiyohiyo. Basi nawe fuata njia waliyopita wapiganaji wenyewe.

Hatua ya kwanza: lala Dundee, mji mdogo wa KwaZulu-Natal, Afrika Kusini. Jaza mafuta hapo, toa randi za mkononi, nunua maji na chakula cha mchana. Njia za vijijini zina vipande vya changarawe. Ukienda Juni au Julai beba koti zito, maana asubuhi zake zina baridi ya Makete au Limuru. Januari ni joto, na mvua ya radi hupiga alasiri.

Hatua ya pili: asubuhi nenda kwenye mlima wa Isandlwana. Chini ya mlima huo utaona marundo ya mawe yaliyopakwa chokaa. Ndipo walipozikwa waliokuwa upande wa Waingereza, na waliouawa siku ile walizidi 1,300. Tafuta kiongozi mzaliwa wa huko. Msalimie "Sawubona, baba" kwanza, bei baadaye. Muulize habari za uThulwana, kikosi cha watu wazima wenye wake na watoto, ambacho mfalme wa Wazulu, Cetshwayo, mwenyewe aliwahi kuandikishwa humo. Siku hiyo walikuwa akiba. Wenzao walipigana wakashinda, wao mikuki yao ikabaki mikavu.

Hatua ya tatu: endesha kilomita 15 hivi hadi Rorke's Drift, na ukifika kwenye mto uMzinyathi simama kidogo. Msemaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani kulielewa jina hilo: ni mto wa nyati. Ulikuwa mpaka wa Zululand na Natal ya Waingereza, na Cetshwayo alikuwa amekataza jeshi lake lisiuvuke. Dabulamanzi, nduguye mfalme, akauvuka na watu kati ya 3,000 na 4,000, wale uThulwana wa akiba wakiwemo.

Hatua ya nne: usiingie ndani bado. Zunguka uwanja. Hapa palikuwa na duka la mfanyabiashara James Rorke, kisha wamisionari wa Kiswidi wakapanunua. Mchungaji wao Otto Witt akauita mlima wa Shiyane Oskarberg, kwa jina la mfalme wa kwao. Jeshi la Uingereza lilipokuja liligeuza nyumba yake hospitali na kanisa lake ghala. Mistari ya mawe unayoiona ardhini inaonyesha ulipopita ukuta wa dharura, na ukuta wenyewe ulikuwa magunia ya mahindi na masanduku ya biskuti. Gunia moja lilikaribia kilo 90, sawa na gunia letu la sokoni. Yeyote aliyewahi kupakia lori msimu wa mavuno anajua saa mbili za kazi hiyo zinamfanya nini mgongo, na hapo vita havijaanza.

Hatua ya tano: sasa ingia. Jengo la makumbusho limesimama palipokuwa hospitali. Tafuta maelezo ya vyumba vile, kwani ndiyo sehemu inayonasa moyo. Vyumba kadhaa havikuwa na mlango wa kupitia ndani. Paa likiwaka moto, askari walitoboa kuta za matofali ya udongo wakawavuta wagonjwa tunduni, chumba hadi chumba. Mapigano yaliendelea hadi karibu na alfajiri. Waingereza wapatao 150 wakabaki wameshika boma, wakafa 17, na 11 wakapewa nishani ya Victoria Cross. Uliza pia juu ya asubuhi yake: Wazulu majeruhi waliokutwa uwanjani waliuawa. Hapo nishani hazizungumzi.

Hatua ya sita: nenda makaburini, pande zote mbili. Wale 17 wana ukuta na majina yaliyochongwa. Wazulu, zaidi ya 350 kwa hesabu ya Waingereza wenyewe, walizikwa kwa pamoja bila majina. Kumbukumbu yao ni chui wa shaba aliyelala juu ya ngao. Vua kofia, usipande juu kupiga picha.

Umebakiza kituo cha sanaa cha Walutheri, kilichoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 na Waswidi Peder na Ulla Gowenius. Mazulia ya kutundika ukutani na vyungu vyake vina jina duniani. Nunua hapo, si uwanja wa ndege. Na kama umetoka Bukoba, Uswidi hii unaijua: Bengt Sundkler, askofu wa Bukoba miaka ya 1961 hadi 1964, aliwahi kuwa mmisionari Zululand.

Ondoka kabla jua halijazama. Ng'ombe wa huko hupenda kulala barabarani, na ng'ombe hana taa.