SOMO LA UFUGAJI: KUKU AKIUMIA AU AKIUGUA, NA WAJIBU WA CHAMA

Katika vijiji vya Mlali, wilayani Kongwa, kuku ni akiba ya nyumba. Mtama ukipungua ghalani, jogoo mmoja huuzwa ili zipatikane daftari za mtoto au nauli ya kumpeleka mgonjwa hospitali. Lakini akiba hiyo haina kufuli, na ugonjwa waweza kuimaliza kwa wiki moja. Shabaha ya somo hili ni kutofautisha madhara ambayo mwanachama aweza kuyatibu mwenyewe na yale yanayohitaji nguvu ya chama kizima.

1. Kwanza, mtenge

Kuku yeyote aliyejeruhiwa au aliyezubaa hana budi kutengwa mara moja. Mfunike kwa tenga kivulini, mbali na wenzake, umpe maji safi. Wazima wahudumiwe kwanza, mgonjwa mwisho, kisha mikono ioshwe kwa sabuni.

2. Majeraha

Mwewe, nguchiro, kicheche na mbwa ndio wajeruhi wakubwa. Punguza manyoya kuzunguka jeraha, lioshe kwa maji yaliyochemshwa na kupoa, yenye chumvi kidogo, kisha upake dawa ya zambarau. Likague kila siku, kwa maana inzi hutaga humo na funza wakaingia. Asirudishwe kundini kabla ya kupona, kwa sababu kuku wakiona damu humdonoa mwenzao hata kumwua.

Mguu uliovunjika bila mfupa kutokeza waweza kunyoshwa na kufungwa kwa vipande vya bua la mtama na kitambaa safi. Vidole vikivimba au vikiwa baridi, legeza. Baada ya wiki tatu hivi, fungua. Ikiwa mfupa umetokeza nje, ni afadhali kuku achinjwe mapema. Kama alikuwa mzima, nyama yake yaliwa bila hofu.

3. Magonjwa

Ndui hujulikana kwa vipele vyenye magamba kwenye kishungi na kando ya macho. Kuhara damu aghalabu hushika vifaranga wanaolala mahali penye unyevu, na dawa yake hutolewa kwa ushauri wa ofisa mifugo. Mafua huvimbisha uso na kutoa kamasi.

Adui mkubwa kuliko wote ni mdondo, ambao wengine huuita kideri. Kuku huhema kwa shida, huharisha kinyesi cha kijani, shingo hupinda, mabawa na miguu hupooza. Mdondo huvuma hasa wakati wa kiangazi, na waweza kuua karibu kuku wote wa boma. Hauna tiba. Pilipili, majivu, mwarobaini na vidonge vya binadamu haviuponyi. Kinga yake ni chanjo.

4. Kosa la kuuza kuku wagonjwa

Vifo vinapoanza, wengine huwauzia wachuuzi haraka kuku waliosalia. Bei huwa duni, na tenga la mchuuzi hubeba ugonjwa hadi kijiji cha pili. Anayefanya hivyo hupata fedha kidogo na kuteketeza akiba ya jirani yake. Mizoga, manyoya na matumbo vifukiwe chini sana au vichomwe, na ofisa mifugo wa kata aarifiwe siku hiyohiyo.

5. Chanjo ni kazi ya ushirika

Chanjo ya I-2, ambayo mbegu yake ilitoka Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, hutengenezwa nchini na Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania. Hustahimili joto kuliko chanjo za zamani, ingawa yapasa kuwekwa mahali pa baridi pasipo jua. Hutolewa tone moja katika jicho moja, kwa kuku mkubwa na kifaranga sawasawa, na hurudiwa kila baada ya miezi 3 hadi 4.

Ugumu uko katika chupa. Chupa moja hutosha kuku wengi, na chanjo ikishachanganywa haihifadhiki. Mwanachama mwenye kuku 12 hutumia kidogo na kumwaga iliyobaki. Lakini wanachama 40 wenye kuku 12 kila mmoja wana kuku 480. Hapo gharama ya kila mtu huwa ndogo. Kwa hiyo katibu afanye yafuatayo:

(a) Aandikishe kuku kwa kila nyumba, na jina la mwenye kuku. Mara nyingi kuku ni wa mama, na daftari la chama lina jina la baba. Mwenye mali asiachwe nje.
(b) Akusanye michango mapema na kutoa stakabadhi.
(c) Aagize chanjo kwa kupitia ofisa mifugo, na duru moja ikamilike kabla kiangazi hakijakolea.
(d) Apange siku moja kwa kijiji kizima, alfajiri, kuku wakiwa bado bandani.
(e) Aandike tarehe ya duru inayofuata.

Jambo moja lielezwe mkutanoni kabla ya siku hiyo. Chanjo ni kwa kuku wazima tu, na kinga huchukua kama wiki mbili kukamilika. Kuku aliyekwisha kuambukizwa aweza kufa hata akichanjwa. Wanachama wasipoambiwa hayo, watasema chanjo imewaua kuku wao, na duru ya pili hawatakuja.

Maswali ya majadiliano

1. Kiangazi kilichopita, kijiji chenu kilipoteza kuku wangapi, na fedha kiasi gani?
2. Ni nani wenye kuku ambao hawamo katika daftari la chama?
3. Chama kitachukua hatua gani kwa mwanachama anayeuza kuku wagonjwa?