SOMO LA MAKATIBU: SAA ZA USINGIZI NA VITABU VYA CHAMA



Swali la kwanza ambalo mkaguzi wa ushirika hufunzwa kuuliza ni fedha ziko wapi. Miaka ya kazi imenifundisha kuongeza la pili: ukurasa huu uliandikwa saa ngapi? Nitaeleza baadaye nilivyolipata swali hilo. Kwanza tutazame mabishano ya wataalamu juu ya kiasi cha usingizi anachohitaji binadamu, kwani sehemu ya ushahidi wao imetoka kwa majirani zetu.

Mwaka 2015 vyama viwili vya wataalamu wa usingizi nchini Marekani vilishauri kwa pamoja kwamba mtu mzima alale saa 7 au zaidi kila usiku. Mwaka huohuo Jerome Siegel wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, pamoja na wenzake, walichapisha uchunguzi uliowashangaza wengi. Waliwachunguza watu waishio bila umeme: Wahadzabe wa kandokando ya Ziwa Eyasi, Wasan wa Namibia na Watsimane wa Bolivia. Wahadzabe si wageni kwetu. Nchi yao inafika Meatu, wilaya iliyokuwa ndani ya Mkoa wa Shinyanga mpaka ulipoundwa Mkoa wa Simiyu mwaka 2012.

Watu 94 walivishwa mkononi kifaa mfano wa saa, kinachorekodi mwendo wa mwili. Ikaonekana kwamba wastani wa usingizi katika makundi hayo ulikuwa kati ya saa 5 na dakika 42 na saa 7 na dakika 6. Wala hawakulala mara jua lilipozama. Walikaa macho zaidi ya saa 3, wakalala hewa ilipokuwa ikipoa, na kwa kawaida wakaamka kabla ya mapambazuko.

Wapo waliozipokea habari hizo kwa furaha, wakisema kwamba saa 6 zinatosha na ushauri wa madaktari ni anasa ya watu wa mjini. Hapo, ndugu zangu, yafaa tukumbuke mizani yetu. Karani wa pamba hachanganyi uzito wa jumla na uzito halisi. Hutoa kwanza uzito wa gunia. Saa zile za Wahadzabe na wenzao ni uzito halisi, yaani usingizi wenyewe. Muda waliokaa malaloni ulikuwa kati ya saa 6 na dakika 54 na saa 8 na nusu. Mtu anaposema "mimi nalala saa 6", aghalabu hutaja muda tangu alipojilaza mpaka alipoinuka, gunia likiwa ndani yake. Nacho kifaa cha mkononi kina kasoro yake, maana hukisia usingizi kwa utulivu wa mwili, na mtu aliye macho huweza kutulia vilevile.

Jaribio jingine lilifanywa katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, matokeo yakatolewa mwaka 2003. Watu 48 wenye afya njema walishiriki, na baadhi yao waliruhusiwa kukaa kitandani saa 6 au 4 tu kwa siku 14 mfululizo. Umakini wao ulipungua siku hata siku, hata ukafikia hali ya mtu aliyekesha, kwa vipimo vingine hata usiku 2. La kutisha zaidi ni kwamba wenyewe walijiona wamechoka kidogo tu. Kwa maoni yangu jambo hili ni zito kuliko mabishano yote ya saa 6 au 8.

Sasa nieleze niliyoahidi. Katika chama kimoja cha msingi, ambacho sitakitaja, nilikuta upungufu wa pamba baada ya msimu wa ununuzi. Bodi ilikwisha kuandaa barua ya kumwachisha kazi katibu, na mkutanoni aliitwa mwizi mbele ya wanawe. Nilipolinganisha stakabadhi na daftari la mapokezi, niliona tarakimu zilizopinduliwa: 1,860 imeandikwa 1,680, na 94 imeandikwa 49. Makosa mengine yalikidai chama, mengine yalikipa faida. Mwizi hajiibii mwenyewe. Kurasa zote zenye kosa zilikuwa za siku ambazo lori lilifika usiku wa manane. Nilipomwuliza kama alikuwa amechoka, alijibu, "Hapana, mzee, nilikuwa nimezoea." Alibaki kazini, ingawa jina lake lilichukua muda kusafika.

Kwa ndugu zetu wa vyama vya wachimbaji wadogo upande wa Geita, ambako makarasha husaga mawe usiku na watu hushuka maduarani kwa zamu, kosa la namna hiyo haliishii daftarini. Huko haitoshi kumwuliza mchimbaji kama ana usingizi. Hapana budi kiongozi wa zamu ahesabu mwenyewe siku ambazo mtu amekesha.

Kuhusu walinzi wa ghala, Wahadzabe wanatupa jambo lingine. Mwaka 2017 David Samson na wenzake walieleza kwamba katika kundi la watu wazima 33, kwa siku 20, dakika ambazo wote walikuwa wamelala kwa wakati mmoja zilikuwa 18 tu. Wazee walilala na kuamka mapema, vijana wakachelewa. Hivyo kambi ilikuwa na macho bila kupangiwa mlinzi. Sisi aghalabu humweka mzee mmoja mlangoni kuanzia jioni hadi asubuhi, kisha tunamlaumu.

Yafuatayo yajadiliwe katika mkutano wa chama kabla ya msimu. Lori likifika baada ya saa nne usiku, ni nani atakayepima, na je, ndiye yuleyule atakayeandika leja? Hesabu za usiku zitasomwa tena na nani asubuhi, kabla ya kutiwa sahihi? Na mlinzi wa ghala lenu hupokewa saa ngapi?