Laptop Gani? Kijitabu kwa Anayeomba Msaada wa Kompyuta kwa Fundi Aliye Mbali

"Wakuu, laptop yangu haiwaki. Msaada tafadhali."

Ujumbe kama huu huingia kila siku kwenye makundi ya WhatsApp na kwenye simu za mafundi. Majibu yake yanajulikana. Wa kwanza atasema badilisha betri, wa pili atasema bodi imeungua, wa tatu atauliza, "Laptop gani?" Huyo wa tatu ndiye wa kuzungumza naye.

Kijitabu hiki ni kwa mtu ambaye fundi wake hawezi kuishika mashine: yuko mji mwingine, au ni mwanakikundi ambaye hamjawahi kuonana. Kila atakachojua kuhusu kompyuta yako atakijua kwa maneno yako na picha zako. Wengi husema machache mno kuhusu mashine, kisha wakaweka hadharani mambo ambayo hata fundi hakuyahitaji. Tunapendekeza kipimo kimoja. Taarifa ambayo ni ileile kwa kila mashine ya aina hiyo, itoe bila wasiwasi. Taarifa ambayo ni ya mashine yako peke yake, au inayokutambulisha wewe mwenyewe, baki nayo.

"HP Core i5" haitoshi

Jina la kampuni, rangi na ukubwa wa kioo havimsaidii fundi. Hata "Core i5" inamsaidia kidogo tu, kwani Intel walianza kulitumia jina hilo mwaka 2009. Prosesa ya i5-3320M ya mwaka 2012 ina kori mbili. I5-8250U ya 2017 ina nne. Zote mbili zina stika ya i5 pale karibu na kibodi, na muuzaji wa mtumba hatakuwa na haraka ya kukueleza tofauti.

Kwa hiyo soma namba inayofuata kistari. Katika i5-6300U, tarakimu ya kwanza ni 6, maana yake kizazi cha 6. Namba ikianza na 10, 11 au zaidi, soma tarakimu mbili: i5-10210U ni kizazi cha 10, i5-1135G7 ni cha 11. Iandike yote pamoja na herufi za mwisho.

Jina la aina ya laptop nalo liandikwe kamili. Lenovo ThinkPad T470 ina nafasi mbili za RAM unazoweza kubadilisha. T470s ina nafasi moja tu, kwa kuwa sehemu ya RAM yake imechomelewa kwenye bodi. Ukiisahau hiyo "s" utashauriwa ununue vipande viwili, na kimoja kitakosa pa kukaa.

Mahali pa kuzipata

Kama mashine inawaka na inatumia Windows, bonyeza kitufe chenye alama ya Windows pamoja na R, andika msinfo32, kisha Enter. Dirisha litakalofunguka lina mistari mingi. Unayoihitaji ni minne: System Model, Processor, BIOS Version/Date na Installed Physical Memory. Inakili hiyo tu. Usipige picha ya dirisha zima wala kutuma faili lote, maana humo kuna jina la kompyuta na jina la mtumiaji, na watu wengi hutumia majina yao halisi.

Kwenye Mac, gusa alama ya tufaha juu kushoto na ufungue About This Mac. Namba ya serial iko papo hapo, iache. Kwenye Linux, kama programu ya inxi imo, amri ya inxi -Fz hutoa ripoti nzuri, na hiyo z kazi yake ni kuficha vitambulisho kama namba za serial. Laiti Windows ingekuwa na kitu rahisi hivyo.

Kama mashine imekufa kabisa, igeuze. Stika ya aina huwa chini, au kwenye laptop za zamani ndani ya sehemu ya betri. Stika hiyohiyo mara nyingi ina namba ya serial, hivyo ifunike kwa kidole unapopiga picha.

Tatizo la "memori"

Hapa ndipo pesa nyingi hupotelea. Mtu anasema, "Kompyuta yangu ina memori 500." Anazungumzia diski, mahali faili zinapokaa. Fundi akisikia memori anaelewa RAM, sehemu inayobeba kazi zilizo wazi kwa wakati huo. Sema "RAM GB 8, SSD GB 256", au "RAM GB 4, hard disk GB 500", na hapatakuwa na utata.

Tuseme uko Singida na umeshauriwa kuongeza RAM, na mzigo utatoka Kariakoo kwa basi. Kabla hujatuma hela, jua ni DDR3 au DDR4. Kipande cha laptop cha DDR3 kina pini 204 na cha DDR4 kina 260, na pengo lake liko mahali tofauti, hivyo kimoja hakiingii kwenye nafasi ya kingine hata ukisukuma. Usisukume. HP EliteBook 840 G2 hutumia DDR3L; 840 G3, ambayo kwa nje unaweza kuifananisha nayo, hutumia DDR4.

Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nenda kwenye Performance, kisha Memory. Utaona kasi na idadi ya nafasi zilizotumika. Kwa laptop hizi za mtumba tulizozizoea, kasi ya 1600 kwa kawaida ni DDR3, na 2133 au 2400 ni DDR4. Mtumie fundi namba hizo, athibitishe kwa jina la laptop ndipo ununue.

Eleza ugonjwa, usitoe hukumu

"RAM imekufa" ni hukumu. "Ukiiwasha, taa ya Caps Lock inamulika mara tatu, inatulia, inarudia" ni dalili, na fundi anaweza kuifanyia kazi. Hesabu mimuliko au milio, maana watengenezaji wameiweka iwe na maana. Ujumbe wa kosa unakili kama ulivyo: HP ikikuandikia Boot Device Not Found na namba 3F0, maana yake haioni diski ya kuanzia, na hilo ni tofauti kabisa na kioo cheusi kisichoandika kitu. Skrini ya buluu nayo hutaja neno lake, kwa mfano INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE. Lipige picha kabla mashine haijajiwasha upya.

Ujumbe mzuri unaweza kuwa hivi:

"Habari za kazi wakuu. Nina HP EliteBook 840 G3, i5-6300U, RAM GB 8, SSD GB 256, Windows 10. Tangu juzi inajizima baada ya kama dakika 20, hasa nikiwa kwenye mkutano wa video. Feni inapiga kelele kwanza. Kwa chaja au kwa betri ni vilevile. Hakuna ujumbe wowote. Sijaifungua wala kubadilisha kitu."

Fundi yeyote mzoefu akisoma hapo ataanza na joto: vumbi kwenye feni, au pesti iliyo juu ya prosesa imekauka. Sentensi ya mwisho nayo ina kazi yake. Kama uliifungua, au maji yaliingia, sema. Hakuna anayekucheka, na akificha mgonjwa, daktari atabahatisha.

Vya kubaki navyo

Namba ya serial ni ya mashine yako pekee. Kwenye Dell huitwa Service Tag na ina herufi na tarakimu 7. Yeyote aliye nayo anaweza kuangalia taarifa za udhamini wa laptop hiyo kwenye tovuti ya kampuni. Tapeli akiipata anaweza kukupigia akijifanya mtu wa kampuni, akakusomea namba yako ili umwamini. Ukiitaka kwa ajili ya udhamini, iandike wewe mwenyewe kwenye tovuti ya mtengenezaji. Kundi la WhatsApp halina haja nayo.

Namba ya leseni ya Windows ina herufi na tarakimu 25. Hakuna tatizo la RAM, feni wala betri linalohitaji uitaje.

Ufunguo wa BitLocker, mfumo wa Windows wa kufunga diski, ndio mzito kuliko yote. Una tarakimu 48, na mtu mwenye laptop yako mkononi pamoja na ufunguo huo anafungua kila kitu. Skrini ya kuuomba huweza kutokea baada ya BIOS kubadilishwa au sehemu fulani kuguswa, na watu hushtuka wakakimbilia kufomati. Tulia kwanza. Ufunguo huenda umehifadhiwa kwenye akaunti yako ya Microsoft. Ingia kwa simu uutafute. Kama laptop ni ya ofisi, waulize watu wa TEHAMA wa ofisini kabla ya kuuliza mtu mwingine yeyote.

Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na Kenya ina yake ya 2019. Ni sheria za maana, ila picha iliyokwisha kusambazwa kwenye kundi la watu mia mbili hairudishwi na sheria. Angalia basi kilichomo ndani ya picha kabla ya kuituma: barua pepe iliyo wazi, jina pembeni ya skrini, karatasi yenye nenosiri iliyobandikwa ukutani.

"Inapokea Windows 11?"

Swali hili limekuwa la kila siku tangu Microsoft walipositisha msaada wa kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Kulijibu kunahitaji hasa mambo manne: prosesa kamili, RAM isiyopungua GB 4, diski isiyopungua GB 64, na TPM (chipu ya usalama) toleo la 2.0, ambalo utaliona kwa kuandika tpm.msc palepale ulipoandika msinfo32. Kwa Intel, orodha ya Microsoft kimsingi inaanzia kizazi cha 8. Ile 840 G3 ya kizazi cha 6 haimo, hata uiongezee RAM kiasi gani.

Fundi akiomba kuingia mwenyewe

Wakati mwingine fundi ataomba aingie kwa AnyDesk au TeamViewer. Mkubalie tu kama wewe ndiye uliyemtafuta. Aliyekupigia bila kuitwa na kusema kompyuta yako ina virusi, mkatie simu. Funga kwanza barua pepe na kurasa za benki, ukae mbele ya skrini muda wote, na akikuambia ufungue akaunti ya benki au usome namba ya siri iliyoingia kwenye simu, zima intaneti hapohapo. Kazi ikiisha, funga programu na uiondoe kama huihitaji tena. Na kama mliweka nenosiri la kumruhusu aingie hata usipokuwepo, lifute kwanza, kwa sababu kufunga dirisha peke yake hakulifuti.