Kona ya Dada: Makala si Tasnifu Iliyopunguzwa

Haya, wadogo zangu mnaofundisha muziki na kuutafiti, leo tuzungumzie makala yanayorudi kutoka kwa mhariri bila hata kufika kwa wahakiki. Umemaliza uzamili, ukaichukua tasnifu yako, ukaikata hapa na pale, ukaituma International Journal of Music Education. Jibu likaja upesi: hapana.

Usikimbilie kusema wanatubagua. Upendeleo upo, sikatai, lakini aghalabu shida ni kwamba bado ulikuwa ukimwandikia msimamizi wako. Tasnifu humwonyesha msimamizi kuwa umesoma, ilhali makala humweleza mwalimu mwenzako jambo moja asilolijua. Moja tu! Kama huwezi kulisema kwa sentensi mbili, usianze kuandika.

Tuseme umetafiti jinsi isukuti inavyofundishwa shuleni magharibi mwa Kenya. Rasimu nyingi zingeanza hivi: "Tangu jadi, muziki ni sehemu muhimu ya maisha ya Mwafrika." Nani atakubishia? Na nani ataendelea kusoma? Ingia moja kwa moja penye mvutano: "Mtoto hujifunza isukuti kwa kusikiliza na kuiga, lakini darasani hupimwa kwa kusoma nota. Makala haya yanachunguza namna walimu wanavyoziba pengo hilo." Hapo hata mwalimu wa Finland ana sababu ya kusoma, maana naye ana nyimbo za jadi na ana mtihani.

Ila huyo wa Finland hajawahi kuiona isukuti. Mweleze kwa ufupi: ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, za Waisukha na Waidakho wa Kakamega, zikiandamana na pembe na njuga, harusini na hata matangani. Mwaka 2014 UNESCO iliiweka kwenye orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa kwa haraka. Inatosha, rudi kwenye swali lako.

Kwenye mapitio ya maandishi, namwona Nketia na kitabu chake cha 1974, The Music of Africa, karibu kila mahali. Mzee anastahili heshima hiyo. Lakini kama baada yake huna mtu, mhakiki atakuuliza umelala wapi miaka yote hii. Pekua Journal of the Musical Arts in Africa, pekua Music Education Research, na zaidi ya yote soma matoleo ya karibuni ya jarida lenyewe unalolitumia kazi yako. Hapo ndipo utajua unajiunga na mazungumzo gani.

Sehemu ya mbinu ndiyo inayoangusha wengi. "Niliwahoji walimu" haitoshi. Walikuwa wangapi, uliwachaguaje, mlizungumza lugha gani, nani alitafsiri? Kama wewe ni mwalimu wa shule hiyohiyo, sema wazi na ueleze ulivyojihadhari. Taja kibali, kiwe cha NACOSTI Kenya au COSTECH Tanzania, na ridhaa ya wazazi wa watoto uliowarekodi. Nota nazo ziweke pale tu zinapothibitisha hoja. Ukurasa wa midundo usioelezwa ni pambo.

Kabla ya kutuma, ondoa kila kinachokutambulisha, maana wahakiki hawatakiwi kukujua. "Kama nilivyoandika mwaka 2019" inakuanika. Tuma kwa jarida moja kwa wakati mmoja. Na jarida linalokuahidi kuchapisha ndani ya siku chache mradi ulipe, likimbie, mdogo wangu. Uhakiki wa kweli huchukua miezi.

Ukijibiwa "marekebisho makubwa", usilie. Mlango bado u wazi. Kaa siku mbili hasira zishuke, kisha chora jedwali: upande mmoja maoni ya mhakiki, neno kwa neno, upande wa pili ulichobadilisha na ukurasa kilipo. Usiruke hata oni moja. Palipo na kosa lako, rekebisha bila maneno mengi. Pale mhakiki alipokosea, labda kwa kuita "kukariri tu" ule ufundishaji wa kusikiliza na kuiga ulioutafiti, usimkubalie ili upite. Mweleze kwa adabu na kwa ushahidi kutoka darasani kwako, kwa sababu huenda hilo ndilo jambo moja ambalo makala yako yalikuja kulisema.